Kadii na Milango ya Stesheni ya Ndunguni

Kadii wa Kambi alizaliwa na kinyaa. Mamake alikuwa akisimulia kwamba hata alipokuwa mtoto wa kutambaa, nzi akitua ukingoni mwa bakuli la uji, uji ule haunywi tena, umbembeleze usimbembeleze. Alipokua mwali, kwao Rabai kila mtu alijua tabia yake. Chakula cha msibani haonji, maji ya kata iliyopita midomo ya watu hayanywi, na akipewa mkono na mtu aliyetoka kupenga kamasi, atazunguka nyuma ya nyumba akajifute kwa majani. Wenziwe walimcheka. "Utaolewa na nani wewe, malaika?" Aliolewa na mwanadamu, naye akafa kwa homa baada ya miaka sita bila kumwachia mtoto. Basi riziki, ambayo haimwulizi mja apendacho, ikampeleka mwanamke huyo mwenye kinyaa kuliko wote kuwa mfagizi wa stesheni ya reli.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1959. Stesheni yenyewe, Ndunguni, ilikuwa ndogo, imekaa juu ya kilima baina ya Mazeras na Mariakani, pale ambapo garimoshi lililopanda kutoka pwani husimama kidogo likahema. Babu yake Kadii alikuwa miongoni mwa vijana wa Kirabai waliochonga mawe yake wakati reli ilipojengwa, yale mawe ya Mazeras ya rangi ya tumbaku, yanayopasuka bapa kama mkate. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba Kadii akinyoosha mkono wake dirishani hadi begani, ndipo vidole vinapotokea nje. Ndani palikuwa na ubaridi hata mwezi wa Februari, jua linapokaanga kokoto za reli.

Watu wanaolitazama jengo kwa macho huliona kwa jumla. Kadii alilijua lile kwa goti na kiganja. Alijua nguzo za barazani hazikuwa nguzo bali vipande vya reli vilivyosimamishwa wima, na kwamba kutu huanzia chini, shubiri moja kutoka sakafuni, pale mbwa wanapoinulia mguu. Alijua vigae vyekundu vya paa vililetwa kwa meli kutoka Bara Hindi, kwa sababu kimoja kilipoanguka alikigeuza akaona chapa ya waliokifinyanga. Chini ya ukingo wa paa zilining'inia mbao zilizokatwa kwa msumeno mwembamba zikawa kama lesi ya gauni, na kila tundu la lesi ile lilikuwa na buibui wake. Milango minne ya msaji, mizito, ilifungwa kwa komeo za shaba. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Wazungu, cha pili cha Wahindi. Waafrika walingoja barazani, mvua ikija ya upande inawapata. Baada ya Uhuru vyumba vikawa vya kila mtu, lakini Kadii aliona kwamba watu wengi bado walikaa barazani, kana kwamba sakafu za ndani zitawauliza wanatafuta nini.

Pahali alipopapenda zaidi ni dirisha la tiketi. Lilikuwa tao la jiwe, ndani yake fremu ya msaji yenye nondo nyembamba za shaba, na chini yake kizingiti cha ubao mmoja mpana. Viwiko vya watu wa miaka themanini vilikuwa vimeula ule ubao katikati ukafanya kibonde, laini kama ndani ya kiganja. Kadii aliusugua kila asubuhi kwa mafuta ya nazi. Kinyaa chake, ambacho kwengine kilimtesa, hapo kilimtulia. Jasho la mikono ya maelfu lilipita juu ya ubao ule, nao ulizidi kung'aa.

Steshenimasta wa miaka mingi alikuwa Abdalla Faki, mzaliwa wa Malindi, mtu wa kanzu nyumbani na suruali iliyopigwa pasi kazini, mpole wa maneno na mkali wa macho. Akipita nyuma ya Kadii hupitisha kidole juu ya komeo, akakitazama, asiseme neno. Siku kidole kikitoka cheusi, husema tu, "Bi Kadii, leo tumelala." Kadii akasikia aibu mpaka unyayoni. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, na hakuna siku mmoja wao alimkuta mwenziwe amechelewa. Mwaka wa 1982 Abdalla alistaafu, akarudi kwao Malindi na kasha lake moja la nguo.

Aliyekuja badala yake aliitwa Lewa. Kadii alipolisikia jina alifurahi, maana Lewa alikuwa wa pale pale Rabai, mtoto wa watu wa kanisani, ambaye yeye Kadii alipata kumfuta pua Jumapili mamake akiimba kwaya. Alimpokea kwa tabasamu.

"Karibu mwanangu. Umerudi nyumbani."

Lewa hakumwamkia. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, akakihamisha kutoka shavu hili hadi lile, akautema uchafu wake ukutani, juu ya jiwe. "Mama," akasema, "hapa mwanangu hayuko. Hapa kuna Bwana Lewa."

Kadii alikwenda kuchukua kitambaa.

Mtema mate wa siku moja angesameheka. Lakini Lewa alikula kuku ndani ya ofisi ya tiketi akiachia mifupa chini ya meza mpaka siafu wakaja kwa safu. Alijifuta mafuta ya mikono kwenye mapazia. Choo cha stesheni kilikuwa hatua ishirini, safi, Kadii alikimwagia dawa kila alfajiri, ila Lewa alipendelea kusimama nyuma ya jengo na kukojolea ukuta, huku akipiga mluzi. Mkojo ule ulinywewa na jiwe, ukaacha doa la manjano lisilotoka kwa maji wala majivu. Kadii alilisugua kila siku. Babu yake alilitindua jiwe lile kwa nyundo na tindo. Sasa mwana wa jirani alikuwa analiozesha kwa kibofu.

Mwaka wa 1984, baada ya mvua za vuli, Lewa alimwita.

"Stesheni inafanywa ya kisasa," akasema. "Hii mibao, hii mivigae, ni mambo ya ukoloni. Kesho wanakuja mafundi."

"Ofisi ya Mombasa imeandika?"

"Ofisi ya Mombasa ni mimi."

Mafundi walikuja na lori lisilo na jina ubavuni. Kadii alizoea kuona mafundi wa kubomoa, wale wanaopiga na kuvunja. Hawa walikuwa tofauti. Walifungua skrubu moja moja, wakizitia ndani ya mkebe. Kila mlango waliukunja ndani ya blanketi kama mtoto. Lesi ya paa waliishusha kwa kamba, ubao mmoja mmoja, na aliyekuwa juu akimwambia wa chini, "Polepole, mzee aliyezilipia atatudai kila ufa." Kadii alisimama na ufagio wake akaelewa yote. Kitu kinachotupwa hakivikwi blanketi.

Dirisha la tiketi ndilo lililochelewa. Lilikuwa limeshikwa na ukuta kwa chokaa ya kale, wakalazimika kulichimbia pembeni. Lilipotoka, tundu lililobaki lilikuwa kama jicho lililong'olewa.

Siku ya tatu walitoa vigae, na siku ya nne dari. Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo Kadii aliyasimulia mara moja tu maishani, tena akiwa amefunga macho. Popo walikuwa wameishi juu ya dari ile tangu kabla hajazaliwa. Fundi alipong'oa ubao wa katikati, dari nzima ililegea, na kinyesi cha miaka themanini kikashuka kwa mpigo mmoja, kikavu juu na kibichi chini, cheusi, kikiwa na mabawa na mifupa na popo wachanga walio hai bado wakitambaa ndani yake. Vumbi lake liliziba mlango. Harufu ilikuwa kali kama ya mkojo wa paka uliochemshwa. Mafundi walikimbia nje wakitapika.

Lewa alisimama mbali, leso puani. "Mama Kadii," akaita, "kazi yako hiyo."

Aliifanya. Alijifunga kanga puani, akaingia na koleo, uchafu ukimfika juu ya vifundo vya miguu, joto kama uji. Alitoa magunia thelathini na moja kwa siku mbili. Popo wachanga aliwatoa kwa mikono, kwa sababu koleo lingewakata. Jioni alijimwagia ndoo saba za maji, akalala bila kula. Na bado, alisema baadaye, hicho hakikuwa kitu cha kuchukiza kuliko vyote katika juma lile.

Kitu chenyewe kilikuwa karatasi. Lewa aliileta Ijumaa, imepigwa chapa. Kadii alikuwa amesoma kidogo katika shule ya misheni, na Lewa aliisahau habari hiyo au hakuijali. Karatasi ilisema kwamba milango, madirisha, mbao na vigae vya stesheni ya Ndunguni viliharibika kwa mchwa na uzee, vikachomwa moto mbele ya mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza alikuwa Lewa. Mahali pa shahidi wa pili palikuwa patupu.

"Hakuna kilichochomwa," Kadii akasema.

"Unaishi nyumba ya nani?"

Aliishi chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa reli, hatua mia kutoka stesheni, tangu mumewe afe.

"Nyumba ya reli."

"Na umebakisha miaka mingapi upate kiinua mgongo chako?"

"Mitatu."

"Basi."

Kadii alichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, Kadii wa Kambi, kwa herufi za shuleni zilizosimama wima, kisha akarudisha kalamu mezani, juu ya utando wa mafuta ya kuku. Lewa akacheka, akampiga begani kama wapigwavyo ng'ombe waliokwisha kuuzwa.

Tangu siku hiyo Kadii alijichukia. Kinyaa alichokuwa nacho kwa uchafu wa watu kilimgeukia mwenyewe. Alipika uji akautazama tu. Akijitazama kiooni aligeuza kioo. Jengo nalo lilivikwa mabati mapya na milango ya mbao laini iliyopinda kabla ya Krismasi, na ndani, palipokuwa na ubaridi, sasa palichoma kama tanuri. Abiria walirudi wote barazani. Mwanamke mmoja wa Mariakani alimwambia, "Dada, hapa kulikuwa kuzuri."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, alikwenda Malindi. Binti wa kaka yake, Jedida, alikuwa amejifungua, naye alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni. Kadii alikaa siku nne akimwogesha mtoto. Siku ya tano Jedida alimwomba wafuatane hotelini akachukue mshahara wake.

"Tsangazi, utapaona," alisema, akitumia neno la kwao la kumwita shangazi. "Pana baa mpya, wazungu wanaipenda mno. Imefanywa kama stesheni ya gari la moshi."

 Kadii alitembea nyuma ya Jedida, wakapita jikoni, wakapita penye kamba za mashuka, wakatokea uani.

Milango yake minne ilikuwa imesimamishwa chini ya makuti, haifungi chochote, ni mapambo. Lesi ya paa ilizungushiwa taa za rangi. Mmoja wa wanaume waliokaa pale, mwekundu kwa jua, tumbo wazi, kaptura imelowa maji ya bahari, alikuwa ameegemeza nyayo zake zenye mchanga juu ya benchi ya chumba cha kwanza. Kibao cha jina, kile kilichosimama mwisho wa stesheni kikisema NDUNGUNI na futi za kimo chake kutoka usawa wa bahari, kilitundikwa juu ya mlango wa choo cha wanaume. Na dirisha la tiketi ndilo lililokuwa kaunta. Mhudumu alipitisha chupa za bia kati ya nondo za shaba. Katika kile kibonde kilicholika kwa viwiko palikuwa na kidimbwi cha bia, majivu ya sigara, ganda la limau na nzi wawili waliozama.

Kadii alisogea. Alitoa upindo wa kanga yake akaanza kuufuta ubao.

"Mama, mama," mhudumu akasema kwa upole, "acha, hiyo kazi yetu. Huo ubao wa kale sana. Mwenye hoteli anasema ulitoka Ulaya."

"Nimeusugua mimi miaka ishirini na mitano," Kadii akasema.

Mhudumu alicheka, akidhani ni mzaha. Yule mwenye tumbo wazi alitaka kujua bibi anasema nini. Alipotafsiriwa naye akacheka, akanyanyua kamera akampiga picha.  Kadii alikimbilia nyuma ya kamba za mashuka akatapika, Jedida amemshika kiuno, akilia bila kujua kwa nini analia.

Alasiri hiyo hiyo aliulizia nyumba ya Abdalla Faki. Ilikuwa mtaa wa zamani, karibu na msikiti. Abdalla alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa pamba, lakini kanzu ilikuwa na mikunjo ya pasi ile ile. Alimkaribisha barazani, mkewe akaleta kahawa.

Kadii alimweleza yote, toka kijiti cha meno hadi nzi ndani ya bia. Abdalla alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akauliza swali moja.

"Na ile karatasi, ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Ulikuwa umeisoma?"

"Niliisoma."

Abdalla aliweka kikombe chini. Usoni mwake Kadii aliona kile alichokijua kuliko mtu yeyote, ile ngozi ya puani inayojikunja kidogo mtu anapokutana na uvundo. Kinyaa kile hakikuwa kwa Lewa peke yake.

"Lahaula," akasema mzee. 

"Niandikie barua, Bwana Abdalla. Wewe wanakujua kule Mombasa. Wakiona mkono wako wataamini."

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sikushuhudia chochote. Aliyeshuhudia ni wewe, ukashuhudia uongo. Kalamu iliyoandika uongo ndiyo iandike kweli, Bi Kadii. Nitakupa karatasi na bahasha. Na stempu."

Alimpa. Kadii aliandika pale pale barazani mpaka adhana ya magharibi, kurasa tatu, akifuta na kuandika tena. Hakujitetea. Aliandika kwamba hakuna kilichochomwa, akataja hoteli iliko, akaeleza kila kitu kimewekwa wapi, hata kibao kilicho juu ya choo. Mwisho akaandika: "Mimi ni shahidi wa pili wa ile karatasi. Nilisema uongo kwa kuogopa kufukuzwa nyumbani." Abdalla aliisoma, akasahihisha neno moja, akamrudishia aifunge mwenyewe. Kisha akamwita mkewe amletee mgeni kahawa nyingine, kwani ile ya kwanza ilipoa hajaigusa. Hii Kadii aliinywa.

Ilichukua miezi mitano. Mei ya 1986 alikuja mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani aitwaye Kasiva. Alilizunguka jengo mara mbili, akaligusa doa la ukuta wa nyuma kwa ncha ya kiatu, akauliza ni la nini. Kadii akamwambia. Kasiva akaandika.

Lewa aliitwa. Alikuja na maneno yaliyovikwa mashati mawili mawili: kila neno limevaa neno jingine. Alisema bibi amezeeka, anaona mambo. Alisema ana kinyongo. Alisema, "Mwulizeni kama hii si sahihi yake."

"Ni yangu," Kadii akasema. "Na ya kwenye barua ni yangu pia. Hii ya kwanza ndiyo ya uongo."

"Unakiri kwamba ulitia sahihi maelezo ya uongo, ukiyajua?" Kasiva akauliza, na kwa sauti yake alionekana angependa kujibiwa vingine.

"Nakiri."

Yaliyofuata ni machache. Mwenye hoteli alitoa risiti kwamba alinunua kwa njia halali, vitu vikabaki baa. Lewa alihamishwa. Kwanza ikavuma kwamba atashitakiwa, kisha ikavuma kimya, na mwisho ikajulikana kwamba amepewa stesheni kubwa zaidi huko bara, yenye wafagizi wanne. Kadii yeye aliachishwa kazi kwa kosa la kutia sahihi maelezo ya uongo, mwaka mmoja kabla ya kiinua mgongo, akapewa juma moja ahame.

Alihamia Rabai kwa kaka yake. Alikuwa na uchungu, lakini kaka yake alishangaa kuona kwamba anakula. Alikula ugali na mchicha, akaongeza, akalala usingizi mzito.

Pasaka iliyofuata Lewa alikuja kusali kwao kwa gari lake mwenyewe. Alikuwa ameliletea kanisa kinanda kipya. Kasisi alimsimamisha mbele ya watu, akamshukuru, akawaomba wampigie makofi. Hakuna mtu kanisani humo asiyejua fedha za kinanda kile zilitoka wapi. Wanawake walikwisha kulisema kisimani, wanaume walikwisha kulisema wakinywa mnazi. Walipiga makofi wote, na wengine wakapiga vigelegele. Kaka yake Kadii alipiga pia, akitazama chini.

Kadii alitazama mikono ile yote ikipigwa, akahisi ngozi ya pua yake inajikunja. Alichukua Biblia yake, akapita katikati ya mabenchi bila haraka, akatoka. Tangu Jumapili ile alisali kanisa la Ribe, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kupanda na kushuka vilima, jua au mvua. Watu walipomwuliza kwa nini ajitese hivyo na kanisa liko mlangoni, alijibu kwamba kule hewa ni safi.